Bahari Iliyoshuka Tabonteba

Hobart, 6 Januari

Daftari hili ni la kazi. Kurasa kumi za mwanzo zina orodha ya minyororo na nanga, kwa mkono wa mtu aliyekuwa hapa kabla yangu. Zilizobaki nimejitwalia. Dougie, nyapara wetu, ameniona nikiandika wakati wa chai akasema, "Profesa, usisahau kuandika kwamba nyapara wako ni mtanashati." Nimeandika. Si kweli.

Kazi yangu ni kukwangua. Maboya na vyombo vya kupimia bahari hurudi uani baada ya mwaka mzima majini, vimeota kome na mwani na vidudu vyenye magamba makali kama wembe. Nakwangua, naosha, napanga. Huu ni mwaka wa tatu tangu niache kuchuma matunda shambani, na mgongo umekwisha. Ghorofani wanakaa watu wasionuka. Wao kazi yao ni kuzitazama nambari zilizoletwa na vyombo hivyo na kuamua ipi iaminiwe.

8 Januari

Mvua. Minyororo.

14 Januari

Leo nimekaripiwa kwa kosa la usafi. Tangu nizaliwe sijawahi.

Chombo cha kupimia chumvi kilifika jana kutoka mashariki, kimeziba kabisa. Nilikisugua mpaka kikang'aa kama sahani ya harusi. Asubuhi Maeve Petrusma, mkaguzi wa data, akashuka ngazi. Ni mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, anatembea kama mtu anayehesabu hatua.

"Nani amekisafisha hiki?"

"Mimi," nikasema, nikangoja shukrani.

"Kabla hakijapimwa?"

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mtoto. Chombo hutiwa kwanza kwenye tangi na uchafu wake, ili ijulikane kilikuwa kinadanganya kiasi gani. Halafu ndipo kisafishwe na kupimwa tena. "Uchafu ule ulikuwa shahidi wangu, Tiaon. Miezi kumi na minne ya chumvi, na sasa sijui nitoe ngapi."

Alipopanda juu, Dougie akasema, "Ndugu yangu, umemwosha maiti kabla polisi hawajafika."

Jioni nilimfuata nikamwuliza kama sasa atazifuta zile nambari. Akasema humu hafuti mtu kitu. Kila nambari hupewa alama. Moja ni sahihi. Mbili, huenda ni sahihi. Tatu, huenda ni mbaya. Nne ni mbaya. Nambari mbaya hubaki palepale ilipo, na alama yake kichwani, ili watu waione na wasiitumie. Nimelala nikiifikiria hiyo. Kwetu nawajua watu wawili watatu wanaoishi hivyo.

21 Januari

Dougie alinituma kupeleka makasha ghorofani. Kwenye kioo cha kompyuta ya Maeve nikaona jina la kisiwa chetu. Tabonteba. Nilisimama na kasha mikononi hadi akaniambia nilitue.

Nilijua kuna mtambo pale gatini kwetu. Baba yangu, Nabuaka, ndiye mtunzaji wake, mwaka wa sita sasa. Walimpa spana moja na kofia yenye picha ya wimbi, na hiyo kofia anaivaa hata kanisani. Chombo kimefungwa juu ya nguzo. Kinapiga mlio kwenda chini, kinasikiliza mwangwi kutoka kwenye maji, na kwa umbali huo wanajua bahari imefika wapi. Setilaiti huleta nambari. Lakini sikujua zinaletwa hapa, juu ya kichwa changu, mimi nikiwa chini nakwangua.

"Hapo ndipo kwenu?" Maeve akauliza. "Basi nieleze hili."

Mstari ulikuwa unapanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, safi, mwaka mzima. Tarehe tatu Desemba ukadondoka kama mtu aliyekosa ngazi, kisha ukaendelea kupanda na kushuka, lakini chini. Sentimita ishirini na mbili.

"Bahari kwenu imeshuka," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

22 Januari

Nimempigia dada yangu Rotia. Mtandao hakuna.

25 Januari

Hakuna.

31 Januari

Rotia amepiga mwenyewe, saa kumi na mbili jioni. Nilidhani kuna msiba. Nyuma yake nilisikia watu wakipiga kelele na nguruwe wakilia.

"Kaka, maji yamo jikoni."

"Jiko gani?"

"Hili letu. Nimesimama ndani yake. Bamvua ya leo si ya kawaida. Imepita barabara, imeingia kwenye mashimo ya babai, yote, hata lile la shangazi. Babai zitaoza, na hatuna magimbi mengine. Na kwa Mama..." Mama amezikwa upande wa pwani, hatua arobaini toka mchangani.

"Kwa Mama nini?"

"Baba amesimama pale. Maji yamemfika magotini na hataki kuondoka."

3 Februari

Sikungoja makasha. Nilipanda na viatu vyangu vya matope. Nikamwambia Maeve anionyeshe Ijumaa jioni, Tabonteba.

Akanionyesha. Kwenye kioo bahari ilikuwa imejaa mita mbili na sentimita sitini na sita. Bamvua ya kawaida tu, hata chini kidogo ya mwaka juzi, ambapo maji hayakugusa hata barabara.

"Dada yangu alikuwa amesimama majini," nikasema. "Jikoni."

"Alipima?"

Sijui niliufanyaje uso wangu, maana alivua miwani haraka akasema, "Tiaon, sisemi anadanganya. Nasema kati yake na chombo, mmoja anadanganya, na mmoja tu ndiye mwenye nambari."

Akanikalisha. Mikono yangu inanuka kome na hakusogeza kiti. Akanieleza jambo ambalo Rotia hajawahi kuniambia, labda akidhani nalijua. Baraza la kisiwa limeomba ukuta wa kuzuia bahari mbele ya kijiji. Wafadhili watakaa mwisho wa Machi, na wanataka mwaka mzima wa data ya bahari uliokaguliwa. Data ikibaki hivi, inasema bahari inashuka, basi ukuta wa nini? Ikipewa alama nne tangu Desemba, mwaka haujakamilika, na ombi linarudishwa nyuma hadi mgao mwingine. Baada ya miaka mitatu.

"Mkuu wa ofisi anataka nne," akasema. "Mimi nimeweka tatu. Nina mpaka tarehe kumi na nne Machi kumpa sababu."

"Bahari haiwezi kushuka."

"Bahari inaweza. Mwaka mmoja inashuka, upepo ukigeuka. Ila haishuki kwa dakika sita. Kuna mtu amekigusa kile chombo."

Anayeruhusiwa kukigusa ni mmoja tu.

6 Februari

Nimempata Baba. Kwetu mtoto hamwulizi baba yake kama amekosea. Unazunguka. Nimemwuliza habari za pwani, za nguruwe, za mchungaji mpya. Nikauliza habari za gati.

"Gati ipo."

"Na mtambo, Baba?"

"Mtambo unatunzwa."

"Huku ofisini wanasema maji yanaonekana yako chini, tangu Desemba. Wanashangaa."

Nilisikia pumzi zake na jogoo wa jirani.

"Wanaotunza wanatunza," akasema. "Wewe umekula?"

7 Februari

Sijui niandikeje hili.

Saa nne asubuhi Maeve aliniita kwa dirisha, na yeye si mtu wa kuita kwa dirisha. Nikakimbia. Mstari wa Tabonteba ulikuwa umeruka juu, sentimita ishirini na mbili, palepale ulipokuwa kabla ya Desemba. Maji yalikuwa mafu, upepo hakuna.

"Ulimwambia mtu?" akauliza.

Nikakaa juu ya kasha.

"Baba yangu."

Alikaa akinitazama. Nilidhani atafoka kama siku ile ya chumvi. Badala yake akashika mdomo kwa mkono, mabega yakawa yanatikisika, nikaona kwamba anacheka na kwamba hataki kucheka. "Samahani," akasema. "Samahani. Ila katika miaka kumi na tisa, huyu ndiye mtunzaji wa kwanza aliyenijibu ndani ya siku moja."

9 Februari

Jumapili. Sikwenda kanisani. Nina hasira na mzee wa miaka sabini na sita aliye mbali nami hata ndege haifiki kwa siku moja.

12 Februari

Maboya saba. Vidole havikunjiki.

13 Februari

Rotia ameyatoa yote. Ilimchukua siku tatu, na alipata maneno kwa vipande, wakati Baba akipanda mnazi kugema, maana huko juu ndiko anakosemea mambo.

Fundi aliyekuja mwaka juzi alimpa amri moja: chombo hiki kisilowe. Amri nyingine alizisahau au hazikutafsiriwa. Desemba mawimbi yalianza kukirushia maji. Tarehe tatu, meli ya wajumbe wa kanisa ilipokuwa inakaribia, Baba alikifungua kwa spana yake, akaweka chini yake gogo la mnazi alilolichonga mwenyewe, akakifunga tena. Kikawa juu, kikavu. Akakivika na mfuko wa mchele pembeni. Alikuwa anakilinda.

Kumbe kadiri alivyokiinua chombo, ndivyo bahari ilivyoshuka kwenye vioo vya dunia nzima.

Na mimi nilipomwambia wanashangaa, akaelewa kwamba amefanya lisilofaa, akaona aibu, akaenda kulitoa gogo kabla jua halijawa kali.

"Gogo liko wapi?" nikamwuliza Rotia. "Nataka urefu wake tu."

"Kaka, tulioka nguruwe Jumapili. Kwa wageni waliokuja kutupa pole ya mafuriko."

"Na?"

"Na kuni zilikuwa zimelowa zote."

14 Februari

Nimemweleza Dougie. Alikaa na kikombe chake, akatingisha kichwa mara nyingi. "Kwa hiyo ushahidi mmoja umeuosha wewe," akasema, "na wa pili ameuchoma baba yako. Familia yenu ingefaa sana kwa majambazi."

Halafu akachukua tindo yangu akakwangua boya langu mpaka saa ya kutoka, bila neno.

18 Februari

Nilidhani imekwisha. Mstari umeshuka ishirini na mbili, umepanda ishirini na mbili, si waongeze tu? Nikamwambia Maeve hivyo. Akasema yeye pia angependa, lakini Mkuu amekataa na hakukosea. Data haisahihishwi kwa data yenyewe. Ukishaanza kuongeza pale unapodhani pamepungua, kesho utaongeza pale unapotamani. Lazima kuwe na kipimo cha kutoka nje, kilichopimwa na watu, kikaandikwa, kikatiwa sahihi.

"Kipimo cha nini? Gogo ni majivu."

"Alilichonga kwa futi gani?"

Nikasema Baba hana futi. Nilipokuwa nashuka ngazi ndipo nikasimama. Maisha yake yote, mitumbwi, milango, jeneza la Mama, Baba amepima kwa mkono.

19 Februari

Nimempigia. Safari hii sikuzunguka, wala sikuuliza swali. Nimemwomba bubuti, ombi ambalo kwetu ndugu akiombwa halikataliwi, awe mkubwa au mdogo. Watu wameombwa mashua kwa bubuti wakatoa na kurudi nyumbani kwa miguu.

"Baba, nakuomba shibiri yako."

"Rotia amekwambia."

"Nakuomba shibiri uliyochongea lile gogo. Mwalimu aipime kwa rula, apige picha, watu wawili watie sahihi. Nakuomba."

"Ilikuwa shibiri moja kamili," akasema mwishowe. "Gumba hadi kidole cha mwisho." Halafu, "Kwa bubuti, mwanangu. Wewe ni mjanja siku hizi."

"Mwalimu atakuja nyumbani, hakuna atakayejua."

"Nyumbani kwa nini? Nimeiba?"

24 Februari

Maboya. Mgongo.

3 Machi

Amekataa kupimwa nyumbani. Amesema bahari ni ya wote, basi kosa lake la bahari si la jikoni. Ameita watu kwenye maneaba, ukumbi wetu, akaketi mahali pa ukoo wetu na kofia yake kichwani, akaeleza mbele ya wazee wote alichokifanya tarehe tatu Desemba na saa aliyokifanya. Rotia ndiye aliyenisimulia. Mzee mmoja akamkata kauli: "Nabuaka, ndiyo kusema wewe peke yako uliiteremsha bahari, na hukutuambia tukashukuru?" Maneaba nzima ikacheka, na Baba mwishowe akacheka.

Halafu mwalimu wa shule akampima. Mara ya kwanza, ishirini na mbili nukta sita, watu wakasema anajinyoosha kwa kuwa anatazamwa. Wakampima mara tano, akipumzika katikati. Rotia ametuma picha zote tano. Mkono wa Baba juu ya mkeka, na rula ya mtoto wa shule yenye picha ya pomboo.

Nimeitazama picha ile hadi simu ikazimika. Nilikuwa nimesahau kwamba kidole chake kidogo kimepinda.

5 Machi

Maeve amezipanga zile tano, akachukua wastani. Ishirini na mbili nukta tatu. Mstari wake wa kompyuta ulikuwa umesema ishirini na mbili nukta moja.

Amekaa akaitazama tofauti hiyo ndogo kama mtu anayetazama mtoto mchanga. "Alimpima mara tano," akasema. "Nani alimfundisha huyo mwalimu kupima mara tano?"

"Hawakumwamini Baba," nikasema.

"Safi sana. Ndivyo inavyotakiwa."

Nilikuwa nimemwandika vibaya huyu mwanamke Januari. Nilidhani haamini watu. Kumbe haamini mtu yeyote kwa kiasi kilekile, pamoja na yeye mwenyewe.

11 Machi

Mkuu ametia sahihi. Data ya Tabonteba, Desemba tatu hadi Februari saba, imeongezwa sentimita ishirini na mbili nukta tatu, alama mbili. Kwenye maelezo yake, ambapo huandikwa aina ya chombo na jina la kiwanda, Maeve ameandika: kwa shibiri ya mtunzaji, N. Tokarake, imepimwa mara tano hadharani. Itabaki hapo miaka yote. Mwaka umekamilika. Siku tatu kabla.

Dougie amenunua keki. Nimekula vipande vitatu.

12 Machi

Asubuhi nilipanda kumshukuru Maeve rasmi, nimevaa shati safi. Alikuwa amekaa na mgongo kwangu, na hakugeuka.

"Njoo uone," akasema.

Ilikuwa jioni ile ya Januari thelathini na moja, iliyosahihishwa. Mita mbili na sentimita themanini na nane. Hakuna maji yaliyowahi kufika hapo tangu mtambo ufungwe. Nilikwisha kulijua hilo, dada yangu alisimama ndani yake. Kisha akafungua karatasi nyingine, mchoro wa ukuta, ule ulioambatana na ombi la baraza. Umechorwa kwa bahari ya zamani. Unazuia maji ya mita mbili na sentimita themanini na mbili.

Nilihesabu mara mbili. Halafu nikahesabu kwa vidole.

"Ni mfupi," nikasema.

"Ni mfupi kabla haujajengwa," akasema. "Na hiyo ilikuwa siku isiyo na mawimbi."

Tumehangaika miezi miwili kuirudisha bahari mahali pake, tumemkalisha mzee mbele ya watu na mkono wake juu ya mkeka, na bahari iliporudi mahali pake imesimama juu ya ukuta.

"Wafadhili wataona?"

"Wakisoma, wataona. Wengi husoma ukurasa wa kwanza." Akageuka sasa. "Nambari nimezipeleka, lazima niwapelekee. La kufanya nalo si langu. Ni la kwenu."

13 Machi

Nimemwambia Rotia. Alirudia nambari mara tatu, kisha akasema atakwenda barazani, na sauti yake haikuwa na kitu ndani.

17 Machi

Minyororo. Nimeangusha mmoja, nusura univunje mguu. Dougie amenirudisha nyumbani. Nimekaa kitandani.

24 Machi

Wamekaa siku mbili kwenye maneaba. Njia zilikuwa mbili. Waache ombi lipite lilivyo, wapate ukuta mfupi mwaka huu. Au waliondoe wenyewe, waombe ukuta mrefu, wangoje miaka mitatu, na kila bamvua kati ya hapo waipokee jikoni. Vijana wengi walitaka ule wa sasa. Ukuta mfupi ni ukuta, walisema.

Wameliondoa.

Sikuamini. Nilimwambia Rotia ampe Baba simu.

"Ulisema nini pale, Baba?"

"Nilisema mrefu."

"Miaka mitatu. Una miaka sabini na sita, na Mama yuko hatua arobaini toka mchangani."

"Mama yako tunamhamisha Jumatano. Makaburi mapya tumekwisha kuyachimba, upande wa kanisa. Saba, maana majirani zake nao wanahama."

Hakuna aliyeniuliza, wala aliyenijulisha kwamba linafikiriwa.

"Nilikwisha kukificha kitu kimoja kisilowe," akasema. "Nimeona matokeo yake. Wakijenga ule mfupi, watu watalala nyuma yake wakiamini hawatalowa."

"Lakini huo mrefu hutauona, Baba."

"Kwani nani alikuambia ukuta ni wangu?"